Neno "Mvutano" Lina Upande Wake

Muhula uliopita tulipewa zoezi dogo la tafsiri: aya moja ya Kifaransa kuhusu kuanguka kwa vitu. Tulikuwa watano katika kikundi. Neno la kwanza lililotugombanisha lilikuwa *gravitation*. Mmoja aliandika "mvutano", kwa sababu ndilo aliloliona katika vitabu vya shule vinavyotoka Tanzania. Mwingine aliandika "uzito", akasema kwamba watu wa hapa wakieleza kwa nini kitu kinaanguka hutaja uzito wake, na kwamba Kifaransa nacho kina *pesanteur*. Wa tatu aliandika "graviti" akanyamaza. Mimi nilikuwa upande wa "mvutano", tena kwa sauti kubwa, maana nililiona neno la Kibantu, zuri, lisiloombwa kwa mtu.

Leo nataka kukiri mbele ya wenzangu na walimu wetu kwamba nilikosea. Kosa lenyewe halihusu uzuri wa neno. Linahusu kitu ambacho sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kukiona kabla ya watu wa fizikia: neno hilo limeshachagua upande katika mjadala ambao haujaisha.

Tuanze na mofolojia, maana ndiyo kazi yetu. Mzizi ni *-vut-*. Kiambishi *-an-* ni cha kutendana. Mvutano ni tendo la kuvutana. Kwa hiyo neno haliishii kusema kwamba jiwe linaanguka. Linasema kwamba kuna kuvuta, na kwamba kuvuta huko kuna pande mbili: dunia inalivuta jiwe, nalo jiwe linaivuta dunia. Hiyo ni fizikia ya Isaac Newton, ya kitabu chake cha mwaka 1687, imefungwa ndani ya silabi nne. Kifaransa hakifanyi hivyo. *Gravité* inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito tu. Haisemi nani anamfanya nini nani. Aliyetafsiri *gravité* kwa "mvutano" ametafsiri jambo, kisha akaongeza maelezo ya jambo hilo bila kuwaambia wasomaji wake.

Jambo hilo lisingekuwa na madhara kama maelezo yangekuwa yamekubaliwa na wote. Lakini Newton mwenyewe hakuridhika nayo. Katika barua aliyomwandikia Richard Bentley mwaka 1693 alikataa wazo kwamba kitu kinaweza kukivuta kingine kwa mbali bila chochote kati yao. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kiwango cha kushangaza, chanzo hakukijua.

Mwaka 1915, mjini Berlin, Albert Einstein alileta maelezo mengine, yale tunayoyaita nadharia ya uhusianifu wa jumla. Humo hakuna anayevuta. Mahali na wakati vimefumwa pamoja kama kitambaa kimoja, na maada, yaani kila kitu chenye uzito, hukipinda kitambaa hicho. Jiwe ukiliachilia halivutwi na chochote. Linafuata njia iliyonyooka kuliko zote katika mahali palipopinda. Anayesukumwa ni wewe uliyesimama: udongo wa Kavimvira unazisukuma nyayo zako kwenda juu, na kwa sababu hiyo unahisi uzito.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni maneno tu, njia mbili za kusema jambo moja. Siyo. Acha saa moja kando ya ziwa, pale Kalundu, kisha nyingine uipandishe milimani mpaka mita 1,000 juu ya ya kwanza. Einstein anasema ile ya juu itatangulia kwa takriban sehemu 9 za bilioni moja ya sekunde kila siku. Saa ya mkononi haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, lakini saa za atomu zinaionyesha. Katika setilaiti zinazoiongoza ramani ya simu tofauti ni kubwa zaidi: ukijumlisha athari ya kimo na ile ya mwendo, saa zake hutangulia zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Kosa hilo lisiposahihishwa, ramani ingepotea kwa kilomita kadhaa kabla ya siku kuisha, na kijana wa pikipiki anayemtafuta mteja wake kwa simu angejikuta ziwani.

Sasa jaribuni kuiandika sentensi hiyo kwa neno letu: "Mvutano unaifanya saa ya chini ichelewe." Nani anamvuta nani hapo? Sentensi ina sarufi, lakini haina maana. Neno limefika mwisho wa uwezo wake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kile kinachoitwa nadharia mbadala za graviti. Watu wengi husikia habari zake kupitia vichwa vya habari vya aina ya "Einstein alikosea", kisha mazungumzo huishia kwenye sentensi moja ninayoichukia: "Hata hiyo ni nadharia tu." Sisi tunaojifunza lugha hatuna ruhusa ya kuitamka. Nadharia ni neno la Kiarabu lililozaliwa na mzizi wa kutazama, na *théorie* ya Wafaransa ilitoka katika neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Ni namna ya kutazama iliyopangwa na kupimwa. Kwa kile kinachosubiri kupimwa, Kiswahili cha vyuo kina "nadharia tete". Tofauti hiyo tunaijua tunapoandika tasnifu. Tusiisahau tunapozungumzia nyota.

Tena neno "mbadala" limekusanya chini ya mwavuli mmoja vitu vitatu visivyofanana. Naomba kuvitenganisha kwa istilahi zetu wenyewe.

Kundi la kwanza ni la visawe. Mwaka 1928 Einstein mwenyewe alianza kujaribu jiometria ambayo, badala ya kupinda, mahali hujisokota. Baadaye wanahesabu walionyesha kwamba nadharia ya uhusianifu wa jumla inaweza kuandikwa upya yote kwa msokoto bila mpindo wowote, na majibu yote yakabaki yaleyale. Hakuna kipimo kinachoweza kuzichagua, kama vile hakuna kipimo kinachoweza kuchagua kati ya "mwalimu amempiga mtoto" na "mtoto amepigwa na mwalimu". Anayesema nadharia hiyo imempinga Einstein hajaisoma.

Kundi la pili ni la lahaja. Mwaka 1961 Carl Brans na Robert Dicke walichukua nadharia ya Einstein wakaongeza kitu kimoja, ili nguvu ya graviti yenyewe iweze kubadilika kulingana na mahali na wakati. Nadharia yao ina namba moja ya kurekebisha. Namba hiyo ikizidi kukua, tofauti na Einstein inazidi kufifia, kama lahaja mbili zinazokaribiana mpaka msikilizaji asijue tena nani ametoka wapi. Mwaka 2003 mawasiliano ya redio na chombo cha anga Cassini, yakipita karibu na Jua, yalilazimisha namba hiyo iwe kubwa kuliko 40,000. Nadharia haikuuawa. Ilisukumwa tu mpaka ikawa vigumu kuitofautisha na mama yake.

Kundi la tatu ni la lugha nyingine kabisa, na humo ndimo mna ugomvi wa kweli. Ili kuuelewa, njooni ufukweni usiku usio na mbalamwezi. Mnaona taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa ziwani. Mitumbwi hamuioni, wala watu walio ndani yake. Lakini kwa jinsi taa zinavyosogea mnajua kwamba chini ya kila taa kuna mtumbwi. Wanafalaki wako katika hali hiyo. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya mwendo wa galaksi ya Andromeda, na kadiri miaka ilivyopita galaksi nyingi zilionyesha jambo lilelile: sehemu za pembeni huzunguka haraka kuliko inavyowezekana kwa uzito wa nyota tunazoziona. Hapo pana njia mbili. Ama kuna maada nyingi isiyoonekana, kama mitumbwi gizani. Ama sheria yetu ya graviti haishiki huko mbali. Wengi walichagua njia ya kwanza. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alichagua ya pili. Alipendekeza kwamba pale ambapo mchapuko ni mdogo mno, kama sehemu moja ya bilioni 80 ya ule wa jiwe linaloanguka hapa Uvira, graviti hufuata kanuni nyingine.

Kabla ya kumcheka Milgrom, tukumbuke kwamba njia zote mbili zimewahi kushinda. Sayari ya Urano ilipoonekana kupotoka njia yake, Mfaransa Urbain Le Verrier alisema kuna sayari isiyoonekana inayoisumbua. Mwaka 1846 ikatafutwa mahali alipoelekeza, na Neptuni ikapatikana. Kisha Utaridi nayo ikaonekana kupotoka kidogo. Le Verrier huyohuyo akatoa jibu lilelile: kuna sayari nyingine karibu na Jua. Wakaipa jina, Vulcan, wakaitafuta kwa miongo. Haikuwepo. Safari hii kilichopungua kilikuwa sheria, na Einstein alipoifumua upya mwaka 1915, upotofu wa Utaridi ukaelezeka bila kuongeza sayari yoyote. Mtu mmoja alitumia mantiki moja mara mbili: mara moja akapata sayari, mara nyingine akapata jina la kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba maada isiyoonekana ni lazima iwepo, na anayesema kwamba ni lazima sheria ibadilishwe, wote wawili wanaongea mapema. Mpaka sasa hakuna mtambo uliowahi kuinasa chembe ya maada hiyo kwa uhakika. Na Milgrom, anayefanya vizuri sana kwa galaksi moja moja, hupungukiwa afikapo kwenye makundi makubwa ya galaksi.

Je, basi kila dai lina haki sawa? Hapana, na hoja hii mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuieleza kuliko wengi. Sote tumekaa darasani tukajifunza nadharia za asili ya Kiswahili. Aliyesema Kiswahili ni Kiarabu hakuwa mpumbavu. Alikuwa na ushahidi: maneno mengi mno. Kilichomshinda ni deni. Hakuweza kueleza ngeli, wala viambishi vya kitenzi, wala ule undugu wa karibu na Kipokomo na Kimijikenda ambao Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliuchambua kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993. Aliyesema Kiswahili ni Kibantu alieleza ngeli na bado akabaki na nafasi ya kueleza maneno ya Kiarabu kuwa ni ya mkopo. Hakushinda kwa kumzomea mwenzake. Alishinda kwa kulipa madeni yote.

Ndivyo ilivyo katika graviti. Mrithi wa Einstein atapaswa kumlipia Utaridi, saa za setilaiti, mwanga unaopinda karibu na Jua, na mengine mengi, kisha ndipo aongeze chake. Einstein naye alimlipia Newton: mahali graviti ilipo dhaifu na mwendo ni wa polepole, hesabu yake inarudi kuwa ya Newton. Na madeni yanaongezeka. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilipokea mawimbi ya graviti kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa takriban miaka milioni 130 ya mwanga. Sekunde 1.7 baadaye ukafika mmweko wa miale ya gama kutoka hukohuko. Baada ya safari ya miaka milioni 130, wasafiri wawili walipishana kwa muda usiotosha kupiga chafya mara mbili. Nadharia kadhaa zilizosema kwamba graviti na mwanga husafiri kwa mwendo tofauti zilikufa siku hiyo, na miongoni mwake matoleo ya ile familia ya Milgrom. Lakini mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walichapisha toleo jipya la familia hiyo, lililojengwa ili liheshimu kipimo hicho na pia mwanga mkongwe wa ulimwengu. Wapinzani wa kweli hufanya hivyo: hushindwa hadharani, huenda nyumbani, hurudi na deni mkononi.

Msimamo wangu ni huu: kwa ushahidi uliopo, Einstein bado amekalia kiti chake kwa haki, na wapinzani wake wanastahili kusikilizwa kwa heshima ile ile anayopewa mdai mwenye hati. Lakini hatuwezi kuusikiliza mjadala huo kwa Kiswahili kama neno letu la msingi limeshatoa hukumu. Ukisema "nadharia mbadala za mvutano", umewaambia wasomaji kwamba wote wanabishana juu ya aina ya kuvuta. Einstein mwenyewe amefukuzwa mlangoni kabla hajaketi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na ninaomba walimu wetu wayapinge kama yana kasoro. Kwanza, jambo lenyewe, lile ambalo kila nadharia inajaribu kulieleza, tuliite "graviti". Pili, "mvutano" lisitupwe. Libaki kwa maelezo ya Newton, na kwa maelezo ya Einstein tutumie "mpindo". Tatu, badala ya kurundika kila kitu chini ya "mbadala", tuseme nadharia "sawia" kwa zile za kundi la kwanza, "panuzi" kwa zile za kundi la pili, na "pinzani" kwa zile za kundi la tatu.

Najua nitaambiwa kwamba graviti ni neno la kigeni. Ni kweli. Meza ilitoka kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu, na hakuna anayesoma kitabu mezani shuleni akajiona mgeni. Tena kwetu sisi wa Kongo neno hilo ni daraja: kila aliyemaliza sekondari hapa tayari ana *gravité* kichwani. Kiswahili kinampokea na mzigo wake badala ya kumwambia aanze upya.

Nitaambiwa pia, na hili ni zito zaidi, kwamba mji ambao ziwa lake limeingia katika nyumba za watu hauna nafasi ya mijadala ya galaksi. Aprili 2020 Mulongwe uliposhuka na mawe usiku, haukuuliza kama unavutwa au unafuata mpindo. Mhandisi atakayejenga ukuta wa mto huo atatumia hesabu ya Newton, na atakuwa sahihi, kwa maana hapo Einstein angempa jibu hilohilo. Nakubali yote hayo. Lakini mtoto aliyeyaona mawe yale atauliza siku moja kwa nini kila kitu hushuka. Atauliza kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba yetu ya 2006. Je, jibu atakalopewa kwa lugha yake liwe la 1687, na lile la 1915 alisubiri mpaka ajue Kifaransa vizuri? Mimi naona hiyo ni dhuluma ndogo, na iko ndani ya uwezo wetu kuiondoa.

Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua chanzo kimoja katika kundinyota la Cygnus, ambacho baadaye wanasayansi walikikubali kuwa shimo jeusi. Katika mashimo hayo nadharia ya Einstein hujaribiwa kwa ukali kuliko popote, na wapinzani wake hupaswa kuonyesha wanachokiweza. Neno letu lilizunguka angani likiwa jina la chombo. Ripoti za kilichoonwa ziliandikwa kwa lugha nyingine, na mpaka leo mwanafunzi wa Uvira anazisoma kwa lugha nyingine, akizisoma kabisa.

Muhula ujao zoezi la tafsiri litarudi. Ninaomba kikundi kitakacholipokea kisikubaliane haraka. Kibishane juu ya kila istilahi mpaka kijue ni nani anazungumza ndani yake. Na yule mwenzetu aliyeandika "graviti" akanyamaza, ninamwomba radhi hapa, kwa maandishi.